Bibi Nesi na Wenzake: Historia Fupi ya Uuguzi Katika Nyanda za Juu Kusini



Mwaka huu tumemzika bibi ambaye karibu kila ukoo hapa kwetu una mtu aliyepokelewa duniani kwa mikono yake. Familia imetuomba tusimtaje kwa jina lake la ubatizo, nasi tumeliheshimu ombi hilo. Hata hivyo wengi wetu hatukulitumia jina hilo kamwe. Kwa watoto wa shule na kwa wazee wa kanisa alikuwa Bibi Nesi, basi. Siku ya mazishi kwaya za madhehebu matatu ziliimba kwa zamu, mvua ikinyesha, na waombolezaji hawakuondoka hadi udongo wa mwisho ulipowekwa.

Baada ya matanga, kamati ya chama ilikaa na kukubaliana kwamba kurasa za historia za mwaka huu ziwe zake na za wenzake. Tuliuliza wazee, tukasoma historia za sharika, tukatembelea wajukuu waliotunza madaftari yake. Tulichokiona ni hiki: majina ya wamisionari, madaktari na maaskofu yapo katika vitabu na katika mawe ya msingi. Majina ya wasichana waliokesha wodini usiku ni nadra kuyakuta. Kama hatutayaandika sisi, kizazi kijacho kitadhani hospitali zetu zilijiendesha zenyewe.

Lipo pia swali ambalo wengi waliuliza msibani. Ni nini kilichomwezesha mama huyu kufanya kazi ile miaka yote, usiku na mchana, masika na kiangazi? Jibu la haraka lilikuwa imani, na ni jibu la kweli. Alikuwa Mkristo wa kupiga magoti. Lakini historia inatuonyesha kwamba jibu hilo ni nusu tu, na nusu iliyobaki inatuhusu sisi tulio hai.

MWAKA 1891

Historia ya misheni katika nyanda zetu inaanza mwaka uleule ambao kila mtoto wa shule anaukumbuka kwa sababu nyingine. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, majeshi ya Mkwawa yaliushinda msafara wa Wajerumani ulioongozwa na Emil von Zelewski. Katika mwaka huohuo, mbali upande wa kusini magharibi, makundi mawili ya wamisionari kutoka Ujerumani yalifika kwa njia ya Ziwa Nyasa. Wamoravian, wakiwa na Theodor Meyer, walianzisha Rungwe. Wamisionari wa Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, walianzia karibu na ziwa, wakafungua Manow mwaka 1892 na Mwakaleli mwaka 1893.

Makundi hayo mawili yaligawana eneo. Wamoravian walichukua upande wa magharibi, wakaendelea hadi Utengule mwaka 1895 na Mbozi mwaka 1899. Wa Berlin walikwenda mashariki, wakapanda milima ya Livingstone hadi Ukinga, ambako Bulongwa ilianza mwaka 1895, kisha wakaingia Ubena, ambako Lupembe ilianza mwaka 1899. Upande wa Iringa, Wakatoliki wa shirika la Benedikto walianzisha Tosamaganga katika miaka hiyohiyo ya 1890, na baada ya Vita vya Kwanza, kuanzia mwaka 1919, kazi hiyo ilichukuliwa na Wamisionari wa Consolata kutoka Italia. Ndiyo maana hadi leo ukimwuliza mtu wa Njombe dhehebu lake, mara nyingi atakuambia Mlutheri au Mkatoliki, na ukimwuliza mtu wa Rungwe au Mbozi, mara nyingi atakuambia Mmoravian. Mipaka iliyochorwa na wageni wachache ikawa urithi wa familia.

Hospitali hazikuwepo mwanzoni. Palikuwa na sanduku la dawa barazani kwa mmisionari: kwinini ya malaria, bandeji, dawa ya vidonda na sindano ya kutolea funza. Wala tusidhani kwamba watu wetu walikuwa wakikaa tu wakisubiri sanduku hilo. Wakunga wa jadi walikuwepo, waganga wa mitishamba walikuwepo, na wanawake walikuwa wakizaa na kulea kabla ya mgeni yeyote kufika. Watu walilijaribu sanduku la barazani polepole, kwa tahadhari, kama mtu anavyojaribu daraja jipya.

Kilichowavuta wengi kilikuwa sindano ya buba. Wazee wanaukumbuka ugonjwa huo kwa simulizi za wazazi wao: vidonda vya ngozi vilivyomtenga mtu na wenzake. Kuanzia miaka ya 1920 matibabu ya sindano yalienea Tanganyika, na mgonjwa aliweza kuona vidonda vyake vikikauka katika siku chache. Kuanzia hapo watu waliidai sindano hata kwa magonjwa yasiyohitaji sindano. Wauguzi waliokuja baadaye waliikuta imani hiyo, na wakati mwingine iliwapa kazi ya ziada kumshawishi mgonjwa kwamba kidonge nacho ni dawa.

MISHENI ZILIPOBAKI BILA WAMISIONARI

Mara mbili katika karne iliyopita misheni za nyanda zetu ziliondokewa na wageni wake. Mara ya kwanza ilikuwa katika Vita vya Kwanza. Majeshi ya Waingereza yalipoingia mwaka 1916, wamisionari wa Kijerumani waliondolewa. Wamisionari wa Kiskoti kutoka Livingstonia, ng'ambo ya ziwa, walisaidia kuziangalia sharika za upande wetu hadi Wajerumani waliporuhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920. Mara ya pili ilikuwa Vita vya Pili, Wajerumani walipokamatwa na kuwekwa kizuizini. Safari hii Walutheri wa Sweden na Marekani, na Wamoravian wa Uingereza, walikuja kuziba pengo.

Lakini wageni hao walikuwa wachache, na eneo lilikuwa kubwa. Katika vipindi hivyo vyote viwili waliobeba makanisa ni walimu, wainjilisti, wazee wa kanisa na akina mama wa sharika. Wao ndio waliofungua kanisa asubuhi, waliofundisha watoto katekisimu na kusoma, waliowatembelea wagonjwa. Tunalitaja jambo hili kwa sababu lina fundisho kwa chama chetu. Kazi iliyokuwa imekabidhiwa mikononi mwa wenyeji iliendelea. Kazi iliyokuwa mikononi mwa mgeni peke yake ilisimama alipoondoka.

Tarehe 19 Juni 1963, makanisa saba ya Kilutheri nchini yaliungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Kwa Bibi Nesi na wenzake wa upande wa Ubena, ambao walikuwa wasichana wakati huo, lilikuwa tendo la kuliona kanisa lao likiwa la kwao.

WASICHANA WA SHULE YA KATI

Bibi Nesi alizaliwa Ubena, wakati Mbeya na Iringa zote zilikuwa ndani ya jimbo moja la Nyanda za Juu Kusini. Alisoma shule ya misheni hadi darasa ambalo kwa msichana wa wakati ule lilihesabiwa kuwa elimu kubwa, kisha akaomba kujifunza uuguzi katika hospitali ya misheni. Nchi ilikuwa bado chini ya Waingereza.

Leo tunaweza kusahau jinsi ombi hilo lilivyokuwa zito. Wazazi wengi hawakupenda. Msichana asiyeolewa angewezaje kuwashika wanaume wagonjwa, kuosha maiti, kulala mbali na nyumbani katika bweni la wasichana? Mahari nayo ingekuwaje? Wazee waliotusimulia wanasema kilichowatuliza baba wengi ni kwamba bweni lilikuwa chini ya misheni, lenye sala asubuhi na jioni, na mlango uliofungwa usiku. Imani, kwa hiyo, ilikuwa pia ndiyo ruhusa. Bila jina la kanisa, wasichana wengi wasingevuka kizingiti cha nyumba za baba zao.

Hospitali za aina hiyo zilienea katika nyanda zetu zote. Walutheri walikuwa nazo Ilembula, Bulongwa, Itete na Matema. Wamoravian walikuwa nazo Mbozi na Isoko. Wakatoliki walikuwa nazo Tosamaganga, Igogwe na baadaye Ikonda kule Makete. Chimala, pale barabara kuu inapoingia bonde la Usangu, ilijengwa na wamisionari wa Kanisa la Kristo kutoka Marekani. Masista nao, wageni na wazalendo, wakiwemo Masista Wateresina wa Iringa, waliishi na kufanya kazi hiyo kwa viapo vya maisha. Mtu akitazama ramani ataona kwamba nyingi ya hospitali hizo hazikujengwa mjini. Zilijengwa mlimani, ziwani, mwisho wa barabara, mahali ambapo mgonjwa angefia njiani kama zisingekuwepo.

Mafunzo yalikuwa ya mikono kuliko ya maneno. Msichana alijifunza kutandika kitanda chenye mgonjwa ndani yake, kuchemsha vyombo, kukunja bandeji zilizofuliwa, kupima joto la mwili na mapigo ya moyo, kukesha zamu ya usiku na taa ya mafuta, kuandika kila jambo kwenye kadi. Alijifunza kumsaidia mama kujifungua na kujua ni saa ngapi uchungu umezidi na daktari aitwe. Wajukuu wa Bibi Nesi wanasema mafunzo hayo hayakumtoka hata uzeeni. Kila alipoitwa, alinawa mikono kwanza hadi viwikoni, ndipo akaomba. Hakuugeuza utaratibu huo.

Aliolewa upande wa Mbeya, huku kwetu Uporoto, penye baridi, viazi na pareto. Alikuja akiwa Mlutheri, akaingia kanisa la mumewe la Moravian, na hakuliona jambo hilo kuwa kubwa. Aliendelea kusalimia watu "kamwene" kwa lugha ya kwao, na wakwe zake wakamzoea. Kwa kazi yake alijifunza Kisafwa na Kinyakyusa cha kumtosha mama aliye katika uchungu, kwa sababu saa ile mwanamke hakumbuki Kiswahili. Mama zetu wanacheka wakisimulia kwamba Bibi Nesi alijua kusema "sukuma" kwa lugha nyingi kuliko alivyojua kusema "karibu chakula".

MTU NI AFYA

Uhuru ulipokuja mwaka 1961, madaktari wazalendo walikuwa wachache mno. Uzito wa afya ya vijijini uliwaangukia madresa, wakunga na wauguzi. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na hasa kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970, serikali ilielekeza nguvu katika zahanati na vituo vya afya vijijini. Baadhi ya hospitali za misheni ziliingia mkataba na serikali zikawa hospitali teule za wilaya, kwa maana ya kwamba jengo ni la kanisa na huduma ni ya umma wote. Miaka sita kabla ya dunia kukutana Alma-Ata mwaka 1978 na kutangaza huduma za afya ya msingi, vijiji vyetu vilikuwa vimeanza kulijua wazo hilo.

Wasomaji wetu wenye umri wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Vikundi vya kusikiliza redio vilikutana nchi nzima, watu wapatao milioni 2 walishiriki, na baada ya kipindi kila kikundi kilitakiwa kufanya jambo: kuchimba choo, kufyeka nyasi karibu na nyumba, kuchemsha maji. Kwa muuguzi wa kijijini kampeni ile ilikuwa baraka. Mambo aliyokuwa akiyasema peke yake kliniki sasa yalisemwa na redio, na redio haikubishiwa. Mwaka 1975 ukaja mpango wa taifa wa chanjo. Akina mama walijifunza kutunza kadi ya kliniki pamoja na vitu vya thamani, chini ya kanga ya arusi.

Wakati huohuo nchi yetu ilikuwa ikibadilika sura. Barabara kuu ya kwenda Zambia iliwekwa lami, reli ya TAZARA ikajengwa kuanzia mwaka 1970 na kumalizika mwaka 1975, na watu wakahamishiwa katika vijiji vya ujamaa. Mgonjwa aliyekuwa akibebwa kwa machela siku nzima aliweza sasa kufikishwa barabarani akapanda gari hadi Mbeya. Wauguzi waliofanya kazi kabla na baada ya lami wanasema barabara iliokoa akina mama wengi kama ilivyofanya dawa yoyote.

Jambo kubwa zaidi la miaka ya 1980 lilitokea upande wa Iringa. Mwaka 1983 na 1984 ulianzishwa mpango wa lishe wa mkoa, kwa ushirikiano wa serikali na mashirika ya UNICEF na WHO, kwa fedha za Italia. Ulianza katika vijiji 168 vyenye watoto wapatao 46,000 wenye umri wa chini ya miaka mitano. Msingi wake ulikuwa mzani. Kila miezi mitatu kijiji kilikutana kwa siku ya afya, watoto wakaning'inizwa kwenye mzani mmoja mmoja, na majibu yakasomwa mbele ya serikali ya kijiji. Mtoto aliyepungua uzito hakuwa tena siri ya mama yake wala aibu yake peke yake. Wanakijiji waliulizana: ni chakula hakipo, au mama anashinda shambani na mtoto anakula mara mbili tu kwa siku? Uji ulifundishwa kupikwa kwa unga wenye kimea ili uwe mwepesi kumezwa lakini wenye nguvu. Katika miaka ya kwanza, utapiamlo mkali kwa watoto waliopimwa ulishuka kutoka karibu asilimia 6 hadi chini ya asilimia 2. Wataalamu wa nchi nyingine walikuja kujifunza.

Mpango huo haukuanzia kwetu Uporoto, lakini Bibi Nesi alikuwa na ndugu Ubena, na alipokwenda kuwasalimia alirudi na jambo la kufanya. Katika madaftari yake yapo majina ya watoto, uzito wao, na mbele ya baadhi yao neno moja: "Uji." Wengine kati ya watoto hao leo ni wanachama wa chama hiki, na uzito wao hauhitaji tena kuandikwa.

MIAKA YA MAJONZI

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Haukupita muda mrefu ugonjwa ulifika kwetu, ukifuata barabara kuu, vituo vya malori, mashamba ya chai na minada. Katika utafiti wa taifa wa mwaka 2003 na 2004, wakati asilimia 7 ya watu wazima nchini walikuwa na virusi, Mbeya na Iringa zilikuwa zimefikia karibu asilimia 13 na 14, juu kuliko mikoa mingine yote ya Tanzania Bara. Utafiti wa mwaka 2011 na 2012 ulionyesha Njombe, ambayo wakati huo ilikuwa ndiyo kwanza imetengwa na Iringa, ikiwa na asilimia 14.8.

Nyuma ya asilimia hizo kuna makaburi tunayoyajua. Bibi Nesi alikuwa amekwisha kustaafu. Angeweza kukaa barazani na kuota jua. Badala yake yeye na bibi wenzake, waliokuwa wauguzi wa hospitali mbalimbali za misheni na serikali, walianza kuzungukia nyumba. Walifundisha familia namna ya kumgeuza mgonjwa ili asipate vidonda vya mgongo, namna ya kufua matandiko, namna ya kumlisha mtu ambaye mdomo umejaa utando. Kabla ya Oktoba 2004, dawa za kupunguza makali ya virusi zilipoanza kutolewa bure katika mpango wa taifa, karibu hakukuwa na kitu kingine cha kutoa zaidi ya hayo.

Hapa ndipo Ukristo wao ulipoonekana kwa wote. Zilikuwapo sauti, hata ndani ya makanisa, zilizosema ugonjwa huu ni mshahara wa dhambi. Bibi hawa hawakusimama kubishana na sauti hizo. Waliingia ndani, wakaketi kitandani kwa mgonjwa, wakamshika mkono bila woga, kwa sababu mafunzo yao yaliwaambia kwamba mkono hauambukizi na imani yao iliwaambia kwamba mgonjwa ni mtu. Kijiji kilipowaona wakitoka salama kesho na keshokutwa, hofu ilipungua. Wengi wao kisha waliwachukua yatima na kuanza kulea upya, wakiwa na miaka sitini na zaidi. Dawa zilipofika, ni haohao waliohesabu vidonge na kuwakumbusha wagonjwa saa.

WITO NA NYUMBA

Sasa turudi kwenye swali la msibani. Imani ilimpeleka Bibi Nesi kazini, hilo halina ubishi. Lakini tazama ni mambo gani yaliifanya imani hiyo izae matunda. Msichana alipata bweni lenye mlango, ndipo baba akaruhusu. Muuguzi alipata maji na sabuni, ndipo akanawa kabla ya kuomba. Palikuwa na barabara, ndipo mama aliyetokwa damu akafika Mbeya. Palikuwa na mzani na kijiji kilichokubali kuusoma, ndipo mtoto akapewa uji. Na alipokuja kufanya kazi huku kwetu, palikuwa na nyumba ndogo ya matofali ya kuchoma jirani na zahanati ya zamani, yenye paa la bati na jiko la nje. Kwa sababu ya nyumba hiyo, aliyegonga usiku alimkuta.

Tunasema haya kwa sababu tumeanza kusikia hotuba ambazo neno wito linatumika kama kisingizio. Muuguzi ana wito, kwa hiyo avumilie. Ana wito, kwa hiyo apange chumba kilomita tano kutoka kazini. Baadhi ya bibi zetu walistaafu na kitu kidogo sana mkononi, na mlango wao uliendelea kugongwa. Hawakulalamika, na ukimya wao tukauhesabu kuwa utakatifu. Tuwaenzi kwa utakatifu wao, lakini tusiugeuze kuwa njia ya sisi kukwepa wajibu.

Hali ya zahanati yetu kila mmoja anaijua. Mpango wa serikali wa mwaka 2007 ulilenga kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata kituo cha afya, na wananchi wetu walijitolea mawe, mchanga na nguvu kazi hadi jengo likasimama. Nyumba ya zamani ya muuguzi ilianguka kwa mvua. Tangu hapo wauguzi wamekuja, wamekaa muda mfupi, wameomba uhamisho. Hatuwalaumu. Ni vijana wazuri, wengine wamesali pamoja nasi. Lakini binti wa miaka ishirini na minne hawezi kutembea usiku wa manane kutoka chumba cha kupanga hadi zahanati, katika ukungu wa Uporoto, kumpokea mama aliyeanza uchungu.

Nchi yetu imepiga hatua. Utafiti wa mwaka 2015 na 2016 ulikadiria vifo vya uzazi kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Hatua hiyo imetokana na mambo mengi, na mojawapo ni mama kujifungulia mahali penye mtaalamu. Zahanati isiyo na muuguzi usiku ni ukuta na kitanda.

KAZI ILIYO MBELE YETU

Boma la nyumba ya muuguzi, lililoanza kwa nguvu za wananchi, limefika usawa wa linta. Harambee ya mwaka huu ni ya kulipaua na kulimalizia: mbao, mabati, misumari, saruji ya sakafu na lipu, milango, madirisha, tanki la maji ya mvua na umeme wa jua wa kutosha taa na simu. Wenyeji wameahidi mawe, mchanga, maji na siku mbili za kazi kila wiki. Wazaliwa mlioko Dar es Salaam, Dodoma, Mwanza, Tunduma na nje ya nchi tunawaomba vifaa vya dukani. Anayetoa bati moja ametoa. Anayetoa ishirini, Mungu ambariki, lakini jina lake litaandikwa kwa wino uleule.

Familia ya Bibi Nesi haikutaka nyumba iitwe kwa jina lake. Tumekubaliana iitwe Nyumba ya Muuguzi, ili kila atakayepangiwa zahanati yetu ajue ni yake.

Pamoja na michango tunaomba jambo la pili ambalo halina gharama. Kila familia yenye bibi, mama au shangazi aliyekuwa muuguzi, mkunga au mhudumu wa wodi katika hospitali yoyote ya Mbeya, Iringa, Njombe au Songwe ituletee jina lake, mahali alipojifunza na mahali alipofanya kazi. Kama ana picha akiwa amevaa sare, tutaitoa nakala na kuirudisha. Walio hai tuwaulize sasa, wakiwa bado wana nguvu ya kusimulia. Jarida la mwakani litayachapa majina hayo yote, kwa ruhusa ya wenyewe au familia zao.

Siku ya harambee mweka hazina atakaa mezani na madaftari mawili, moja la michango na moja la majina. Tunawaomba mpite kwenye yote mawili.